Empaako: Jina la Upendo Aliitwalo Kila Mtu Fort Portal

Sisi wa Tanga tumezoea kwamba majina ya mapenzi yana mipaka yake: bibi humwita mjukuu wake wa kike "mama", mke na mume wana yao ya faraghani, na anayemwita mtu asiyemjua "mpenzi" huonekana hana adabu. Hapa Fort Portal, mji wa magharibi mwa Uganda ninakouza vitenge, mambo ni tofauti kabisa. Kila Mtooro, yaani mwenyeji wa hapa, sawa na jirani yake Mnyoro, ana empaako, jina la upendo na heshima analoitwa na yeyote, awe ndugu au mpita njia. Majina hayo ni 12 tu, nayo hutumiwa na wanaume kwa wanawake: Adyeri, Amooti, Abwooli, Akiiki na mengineyo, isipokuwa Okaali, ambalo ni la mfalme.

Mtoto hupewa lake nyumbani. Shangazi zake humpokea na kumchunguza sura, wakitafuta amefanana na nani katika jamaa, kisha mkuu wa ukoo hulitangaza jina, na watu wakala ugali wa ulezi kwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Mgeni hapitishwi huko kote. Bibi mwenye nyumba wangu, alipochoka kuniita "Mtanzania", alinitazama kitambo akasema mimi ni Ateenyi, basi yakaisha.

Asubuhi haitoshi kumsalimu mtu "Oraire ota?" (umelalaje?) ukanyamaza, sharti uongeze empaako yake, na kama huijui, uiulize kwanza. Siku moja katika soko la Mpanga mwendesha bodaboda alimwaga nyanya za mama mmoja, wakarushiana maneno mpaka watu wakajaa. Mzee mmoja akamwuliza kijana empaako yake. "Araali," akajibu kwa shingo upande. Tangu hapo yule mama hakuwa na budi kumgombeza kwa jina hilo, na ugomvi wa namna hiyo haufiki mbali. Nyanya alizilipa, lakini.

Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwani urithishaji wake umefifia pamoja na matumizi ya lugha ya wenyeji. Kiswahili nacho kina shida yake huku: Waganda wengi wamekijua kama lugha ya askari. Nilipomwita mjukuu wa mwenye nyumba "kipenzi changu", bibi aliniuliza mtoto amefanya kosa gani.