Nilivyoipima kibodi ya gemu yenye taa kabla sijatoa hela

Nianze na walionishauri maana bado wananikera. Kuna wale wa "chukua yenye taa nyingi hutajuta", ukiwauliza ina swichi gani, yaani kile kinachobonyea chini ya kila herufi, hawajui, wanachojua ni kwamba inabadilisha rangi kama disko. Hafu kuna wale wa "taa mambo ya watoto", na wengi wao wana kibodi zilizofutika herufi wanabonyeza kwa kubahatisha. Mimi nacheza usiku watu wamelala, taa ya chumbani siwashi, kwa hiyo mwanga chini ya herufi nauhitaji kweli. Nilichotaka kujua ni kimoja tu, zile taa zikizimwa inabaki kibodi au linabaki pambo?

Basi nikamwambia muuzaji azime taa zote. "Sasa kaka uzuri wake utauonaje?" Nikamwambia uzuri nitauona baadaye, chomeka kwenye kompyuta nifungulie Notepad, ile programu ya kuandikia. Hapo ndo nilijisikia fundi mkuu. Unashikilia Shift ya kushoto na ya kulia zote mbili kwa vidole vidogo vya mwisho, hafu kwa vidole vilivyobaki unachapa A mpaka Z taratibu, huna haraka. Kibodi yenye akili inazitoa zote. Ile iliyokuwa inawaka rangi zote, boksi lake limejaa maneno ya kivita, ikameza herufi kibao, nabonyeza hakitoki kitu, nabonyeza tena kimya. Jamaa akaanza kusema kompyuta ndo mbovu. Nikachomoa nikachomeka ya pembeni yake, ya mwanga mweupe tu isiyo na mbwembwe, tundu lilelile, herufi zote zikashuka bila kuruka hata moja. Hakusema tena kuhusu kompyuta. (Angalizo, ukiing'ang'ania Shift ya kulia peke yake sekunde 8 Windows inapiga kelele na kukuletea kidirisha cha Filter Keys, gonga hapana uendelee, hujaharibu kitu.)

Kinachotokea ni hivi, chini ya batani kuna nyaya za mistari ya kulala na kusimama, ukibonyeza batani tatu zilizo kwenye pembe za mstatili mmoja, kibodi isiyo na daiodi (kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) haijui kama ya nne nayo imebonyezwa, inaamua kuipotezea. Ndo maana unakimbia mbele unakata kushoto unaruka, kuruka hakutoki, unakufa, unalaumu intaneti. Wakikuambia ina anti-ghosting, yaani kinga ya batani kumezwa hivyo, uliza batani ngapi, nyingine ni 19 au 26 tu, zile za kuzunguka WASD, herufi za kutembelea kwenye gemu.

Neno jingine la kuogopa ni "mechanical feel". Hiyo feel ni maneno tu. Omba ung'oe kifuniko kimoja, ukikuta swichi inayojitegemea, nyingi zina kijiti cha alama ya kujumlisha katikati, hiyo mekanikali kweli. Ukikuta kibomba cha plastiki kinachokandamiza mpira, hiyo membreni. Membreni si dhambi, kwanza haina kelele, ila usiilipie bei ya mwenzake. Na kama unalala chumba kimoja na mtu kaa mbali na swichi za bluu, zinabofya mpaka jirani anajua umekufa mara ngapi. Mimi nilichukua yenye swichi nyekundu, zinashuka laini.

Na ukishakishika hicho kifuniko usikirudishe haraka, kigeuze. Ukiona plastiki mbili za rangi tofauti zimeumana, ile ya herufi imepenya mpaka ndani, hiyo herufi haifutiki. Kama ni plastiki moja ya kupitisha mwanga iliyopakwa rangi nyeusi juu, rangi itakwanguka, na zitaanza zile batani unazozitumia sana, mwanga unavuja kila upande herufi huioni tena. Hafu angalia batani za namba taa zikiwaka, kuna nyingine namba inang'aa vizuri ila alama iliyo chini yake iko giza, maana taa yenyewe imekaa upande wa juu wa swichi. Kwa anayecheza tu poa, kwa anayeandika usiku ni mateso.

Niliichukua ile ya mwanga mweupe, hela yake unapata kama kibodi tatu za kawaida na chenji. Mwanga nimeushusha mpaka karibu na mwisho, nimeuweka usiochezacheza. Hilo nalo lijaribu palepale: punguza mwanga, chomoa, chomeka tena, uone kama imekumbuka. Kuna zinazosahau kila mara mpaka uweke programu yao, na hiyo programu inajiwasha kila ukiwasha kompyuta, yaani mashine ya gemu inabeba mzigo kwa ajili ya taa. Yangu inakumbuka yenyewe, programu yao wala sijaiweka.