Kabla hujabandika vinia

Shida ni rangi tu? Anza na kung'arisha meno, huenda vinia (maganda membamba yanayobandikwa mbele ya meno) huzihitaji kabisa. Ukishang'arisha, subiri kama wiki 2 ndipo ubandike, maana dawa ile hudhoofisha gundi.

Vinia nyingi za kauri hutaka daktari akwangue enameli (tabaka gumu la nje ya jino) ya mbele, kama nusu milimita. Enameli haioti tena, kwa hiyo ukikwanguliwa ndiyo basi. Fizi zinazovuja damu zitibiwe kwanza. Damu ikigusa gundi, vinia haishiki. Na kama unasaga meno usingizini, kingo zitameguka, isipokuwa uvae kinga ya meno kila usiku.

Omba umbo la majaribio la vinia liwekwe mdomoni, kisha tamka "fa, vu". Meno ya juu yakikwaruza mdomo wa chini, ni marefu mno.