Swali la dogo nililolizima

Kikundi chetu hapa Chikongola, Mtwara, tunakaa kila jumamosi jioni, watu kumi na tano hivi, wa bodaboda, wabeba magunia ya korosho, wawili watatu wanaoenda baharini, na mi ndo naongoza mazungumzo toka mwaka jana. Sheria ya kwanza niliiweka mwenyewe, habari za pombe na bangi hapa hapana. Na sikuiweka kwa kujifanya mtakatifu, tunaye mwenzetu aliyeacha nipa, ile pombe ya moshi ya mabibo, kila watu wakianza kusimulia jana walivyolewa yeye anainuka anaondoka, siku moja akaniambia kaka nikisikia zile stori mdomo unajaa mate. Nikaona bora tufunge kabisa.

Sasa msimu wa mabibo huku Mtwara kuchele mnaujua, yakichacha ni uraka, uraka ukiingia motoni ndo nipa, na hela za mnada wa korosho zikitoka hapo ndo usiseme. Katikati ya msimu huohuo dogo mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza, "Kaka, eti mtu anayekunywa kila siku akiacha ghafla inakuwaje?" Nikamjibu dogo hiyo mada tulishaifunga. Akasema sawa kaka, basi.

Kumbe alikuwa anamuulizia babake. Mzee alikuwa anakunywa toka asubuhi, miaka mingi, akanuia kwamba Ramadhani ikiandama tu anaacha, na kweli akaacha, nyumba nzima furaha. Siku ya pili mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usiku anaona wadudu ukutani, majirani wakasema huyu ana mashetani, akaitwa mtu wa kumsomea, mpaka alipoanguka akakakamaa mwili mzima ndo wakampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali.

Nesi alituelezea vizuri sana. Ubongo uliozoea pombe kila siku unakuwa umejipanga kuishi nayo, ukinyang'anywa ghafla unachachamaa, mtu anapata degedege, anachanganyikiwa, anaweza hata kufa, kwa hiyo mnywaji wa namna hiyo anatakiwa aache akiwa mikononi mwa watu wa afya, kuna dawa za kumtuliza na vitamini B1. Mzee alipona alhamdulillah. Ila mi nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba lile swali lilikuja kwangu mapema kabisa, na mi ndo nililizima.

Sheria inayokataza pombe ya moshi ipo toka 1966, viroba vya pombe navyo vilipigwa marufuku Machi 2017, na mi sidai zifutwe. Ila mtu akizidiwa na nipa anaogopa hata kumtajia daktari alichokunywa, na ile ikiwa na sumu ya methanoli inapofusha macho, inaua, kila saa ina maana. Sasa kama kwa daktari anaogopa, na kwa wenzake pia tumemfungia mdomo, aende wapi?

Jumamosi iliyofuata nilimwomba dogo msamaha mbele ya wote. Tukabishana mpaka isha, wengine wanataka tufungue kila kitu, wengine tubaki vilevile, mpaka yule aliyeacha nipa akasema, "Mi maswali siyachukii, nachukia ule utamu mnaotia kwenye stori." Hapo ndo nikapata pa kushika. Kwa hiyo sasa madhara tunaongea, kuacha tunaongea, hofu pia, ila inapikwaje, nani anauza, ilikolea vipi, hapo nakata bila kumuonea mtu haya.

Bado nakwama lakini. Juzi jamaa wa boda kasema yeye usingizi ukigoma anameza valiamu na bia juu yake, analala kama mtoto. Nikataka kumkata, nikajizuia, nikamuuliza nani kakwambia hivyo, afu nikamweleza kwamba vyote viwili vinapunguza pumzi na vikikutana mtu anaweza asiamke. Wote kimya. Sijui kama nilimkosea adabu mbele za watu au la, nadhani ningemwita pembeni baadaye, ila nane au tisa pale walikuwa wanasikiliza kwa namna ya mtu anayehesabu vidonge vyake.

Dogo leo kaja na swali lingine. Mzee ana siku ishirini na sita, halewi, ila halali usiku na anakuwa mkali kwa mama, je hiyo nayo inaisha? Nimemwambia sijui, nimeliandika kwenye daftari, alhamisi tunaenda wote kwa nesi.