Altaneta tatu kwenye Noah moja

Altaneta, kile kifaa cha injini kinachotengeneza umeme wa gari na kuchaji betri, ya kwanza ilifia Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha Ziwa Victoria, nikiwa na kilo 80 na kitu za minofu ya sangara nyuma. Ya pili ilifia Kigongo. Ya tatu nayo Kigongo, haijapita miezi 14 tangu ile ya kwanza. Katika muda huo niliwalipa mafundi wanne, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini zote zinafia palepale.

Noah yangu ni ile ya zamani, injini iko chini ya siti za mbele. Ukitaka kuiona unainua siti. Nachukua samaki soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, napeleka kwa wateja wangu Geita. Nyuma nimefunga friza ndogo inayokula umeme wa gari kupitia inverta. Wakati ule daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, na siku mbaya unakaa kwenye foleni saa mbili au zaidi. Huwezi kuzima injini kwa sababu ya friza. Jua la saa nane linapiga bati la gari, AC imewashwa, na mbele yako kuna lori la saruji lisilosogea. Kwanza taa zinafifia. Kisha alama nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi, na ukiinua siti unakutana na ile harufu ya vanishi iliyoungua. Nimeinusa mara tatu, siisahau.

Kila fundi alikuwa na lake. Wa kwanza aliipeleka kusukwa upya nyaya zake za ndani, nikatoa kama elfu tisini. Wa pili akasema ya kusukwa haidumu, nunua ya mtumba kutoka Japani, hiyo ikanila laki na nusu hivi pamoja na ufundi. Wa tatu aliniambia, "Dada, uwe unaimwagia maji kidogo ukifika foleni." Ushauri huu unaniudhi mpaka leo, maana bado nausikia kwa watu. Altaneta iko wazi, ina matundu. Ukiimwagia maji yanaingia kwenye beringi, kwenye brashi, kwenye daiodi. Kuna magari ya Ulaya ambayo altaneta zake hupozwa kwa maji, ni kweli, lakini maji hayo ni ya rejeta na yanapita ndani ya ganda lililofungwa kabisa. Kopo la maji ya ziwa halihusiani na hayo hata kidogo.

Wa nne ndiye aliyenitia hasara kubwa, na nilikuja kujua baadaye. Kwenye gari langu ekzosi inapita karibu na altaneta, na kati yake kiwandani waliweka bati la kukinga joto. Yule fundi aliona bati linapiga kelele na linamzuia kufikia nati. Akalitoa, akalitupa, hakuniambia.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi umeme wa Mabatini. Nilimpelekea ile ya tatu kwenye mfuko wa salfeti. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akainusa kabla hata hajashika spana. Swali lake lilikuwa moja: "Inakufa gari likiwa linatembea au limesimama?"

Nikamwambia limesimama, mara zote.

Akaifungua mbele yangu. Ndani, kwenye ile sehemu inayozunguka, kuna mapanga ya feni mbili za bati, moja kila upande. Gari za zamani zaidi zina feni moja kubwa nje, nyuma ya puli; yangu zimo ndani. Feni hizo zinavuta hewa kupitia matundu ya mbele na ya nyuma, zinaipitisha kwenye daiodi (zinazogeuza umeme wake uweze kuingia kwenye betri) na regyuleta (inayoamua itoe umeme kiasi gani), kisha zinaitupa nje ubavuni kupitia nyaya zilizosukwa. Hiyo ndiyo pumzi yake yote. Altaneta inatengeneza joto jingi yenyewe: sehemu isiyo ndogo ya nguvu inayoichukua kwenye mkanda haifiki kwenye betri, inaishia kuwa joto la nyaya na la daiodi. Likizidi, ukinzani wa nyaya unapanda, umeme unapungua, na daiodi ndizo za kwanza kufa.

Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagiwa mafuta, feni inazunguka polepole, lakini friza, taa na AC vinadai umeme uleule. Regyuleta inaisukuma altaneta mpaka mwisho wa uwezo wake. Kazi kubwa, pumzi ndogo. Na betri yangu ilikuwa imechoka, inakunywa chaji bila kujaa, kwa hiyo hapakuwa na dakika ya kupumzika.

Halafu akanionyesha matundu ya nyuma. Yalikuwa yamezibwa kabisa na tope jeusi: oili iliyokuwa ikivuja kwenye gasketi ya tapeti, vumbi, na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa kama moshi juu ya maji. Anayeishi huku anawajua. Wakigusa palipo na oili hawatoki tena.

Gasketi nilibadilisha, betri nikanunua. Altaneta ya nne mzee aliisuka mwenyewe, na mimi nikaapa haifi.

Niliazima kipimajoto cha bunduki, kile cha kulenga bila kugusa, kwa binamu yangu wa kiwanda cha samaki. Wanakitumia kupimia minofu, lakini kinapanda mpaka juu ya 300. Mara ya kwanza kilinisomea nyuzi 58 kwenye chuma ambacho kingenibabua kidole. Alumini inayong'aa inakidanganya kipimo hicho, kinasoma chini mno. Nikapaka doa la rangi ya kucha nyeusi kwenye ganda, nikapima pale, ikaja 121. Toka hapo napima kwenye doa tu.

Kisha nikatengeneza bomba la kuipelekea altaneta hewa ya nje. Nilichukua bomba la plastiki la maji taka la inchi 3, nikalipitisha kutoka nyuma ya bampa ya mbele, nikaelekeza mdomo wake ubavuni mwa altaneta, kwa kuwa ndiko nilikohisi joto likitoka kwa wingi. Nilifanya kazi hiyo siku mbili nzima, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nikaenda mpaka Usagara na kurudi, nikasimama pembeni, nikainua siti. Bila bomba, safari ileile ilikuwa inanipa 97. Na bomba: 112. Nikarudia, nikidhani kipimo kimekosea. 113. Juma hilohilo mvua ikanyesha, bomba likachota maji ya dimbwi pale Buhongwa na kuyamwaga yote juu ya mkanda, ukapiga yowe mpaka Mkuyuni. Na ule upande wa bomba uliokuwa karibu na ekzosi ulikuwa umelainika na kulegea kama mshumaa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafunga uzi wa pamba, kipande kifupi kisichoweza kufika ndani, kwenye ncha ya fimbo ndefu. Nikawasha injini na kuusogeza taratibu. (Ukijaribu hili vua kanga, funga nywele, kunja mikono ya nguo, mkanda haubembelezi.) Ubavuni uzi ulipeperuka kuja kwangu. Nyuma ulinyooka kuelekea kwenye matundu kama unaitwa. Hapo nikaelewa. Bomba langu lilikuwa linapuliza kule ambako altaneta inatolea pumzi, nilikuwa nairudishia joto lake ndani.

Bomba la pili ni la alumini laini linalojikunja, lile la kutolea moshi jikoni. Mdomo wa kuingilia hewa nimeuelekeza pembeni, usitazame barabara, nikauwekea wavu, na sehemu ya chini kabisa nimetoboa tundu la kumwaga maji. Mwisho wake unaishia vidole vinne kabla ya matundu ya nyuma. Usilibane kwenye altaneta; acha nafasi ivute na hewa ya kwake.

Lakini barabarani hakukuwa na tatizo tangu mwanzo! Gari likisimama bomba halisukumi kitu. Nililiwaza hili nikiwa Mwaloni, nikiwatazama mafundi wa boti. Boti zenye injini ya ndani zina feni ya mviringo ya volti 12 ya kutolea mvuke wa petroli, inakaa katikati ya bomba, inchi 3 vilevile. Nikapata moja iliyotumika, sikumbuki bei, haikufika elfu hamsini. Inakula amp 3 au 4 tu. Nimeiwekea swichi yake kwenye dashibodi, na nikifika foleni naiwasha.

Bati la ekzosi nilikata jipya kwa mafundi wa majiko, nikalifunga likiwa na uwazi pande zote mbili ili hewa ipite. Sailensa tulipandisha kutoka mizunguko 700 hivi hadi 900. Mkanda mzee aliukaza mwenyewe. Ukilegea unateleza na puli inachemka, ukikazwa mno unakula beringi. Waya mkubwa wa kwenda betri ulikuwa na kutu kwenye kiungio, nao tukausafisha.

Jaribio lilifanyika Kigongo, palepale, saa nane mchana. Saa nzima kwenye foleni, friza imewashwa, AC imewashwa. Zamani mita ilikuwa inashuka kutoka volti 14.3 mpaka chini ya 13. Siku hiyo ilisimama 14.0. Doa la rangi ya kucha: 93. Nilimpigia mzee simu nikiwa hapohapo juu ya siti iliyoinuliwa, akataka nirudie namba mara mbili.

Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 sisubiri kivuko tena, lakini feni sijaitoa, kwa kuwa asubuhi foleni ya Mkuyuni nayo inatosha. Altaneta ni ileile ya nne. Wavu nausafisha kila wadudu wakishapita, kwa mswaki mkavu, na matundu napuliza kwa kompresa kutoka umbali wa mkono, mkanda ukiwa umefungwa ili upepo usiizungushe. Juzi nimetoa kiganja kizima cha wadudu. Nyuma ya wavu palikuwa safi.