Nywele za Kisogoni

Juzi jioni binti yangu alikuwa akichambua omena, akaniuliza bila kuinua macho: "Mama, mwalimu amesema samaki wana zebaki. Hata hawa?" Nikamjibu harakaharaka kwamba omena ni wadogo, hawaishi miaka mingi, na wanakula vijidudu vya majini; zebaki, ile metali yenye sumu, hujilimbikiza zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa. Akaridhika, akaendelea na ungo wake. Mimi mawazo yalikuwa yameshafika sokoni Gikomba, Nairobi.

Wakati ule wa mkasi na bahasha. Tulikuwa kwenye utafiti, tunakusanya nywele za akina mama wanaouza samaki, kwa sababu zebaki ya kwenye samaki huingia ndani ya unywele unapoota, na unywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Sentimita 3 zilizo karibu na ngozi zinakusimulia mlo wa miezi mitatu. Unakata kisogoni, unafunga uzi upande wa mizizi ili maabara isisome miezi kinyumenyume. Aliyetia dawa nywele unamwandika, maana dawa inaweza kupunguza zebaki iliyomo. Anayejipaka krimu za kung'arisha ngozi naye unamwandika, kwa kuwa baadhi zina zebaki ambayo haikutoka kwa samaki.

Yule mama alikuwa ameketi juu ya kreti, leso kichwani, kisu mkononi. Nikamwonyesha picha iliyokuwa kwenye dodoso: kipande kinene cha samaki juu ya sahani.

"Mama, kwa wiki unakula kipande kama hiki mara ngapi?"

Aliitazama muda mrefu. "Hiki, mwanangu? Hii ni minofu. Minofu inapanda ndege." Akainama, akainua mgongo wazi wa mbuta: kichwa, uti na mkia, nyama imebaki utepe tu kwenye mifupa. "Sisi tunakula hii. Hiyo ya picha siijui."

Nikisema hali kipande kama hicho, ninaandika sifuri, na mtu huyu anakula samaki karibu kila siku. Nikihesabu samaki mzima, nimemlisha nyama iliyoliwa Ulaya. Na zebaki hushikamana na protini ya nyama, haitoki hata ukichemsha, kwa hiyo uzito wa ile nyama ndio hasa tuliokuwa tunautafuta. Nikamwomba anionyeshe wanavyokula nyumbani. Alikuwa na mgongo mmoja uliochemshwa, chakula chake cha mchana. Akaanza kuuchokoa kwa vidole, taratibu, akichomoa nyama nyuma ya mashavu, kandokando ya kila mbavu, akaikusanya kwenye kifuniko cha sufuria. Wateja walisimama, akawaambia wangoje. Tukaipima kwa mizani yake mwenyewe, nami nikageuza dodoso, nikaandika uzito ule nyuma, nikachora mgongo wenyewe.

Akauliza hiyo zebaki imefanya nini. Nikamweleza habari za Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa. Kwamba kuna watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika huku mama zao wakionekana wazima. Nikamweleza pia kwamba samaki wa ziwa letu la Victoria hawajafika huko hata kidogo. Akanyamaza. Kisha akasema kitinda mimba wake ana mimba, na wanakula chungu kimoja.

Alipofungua leso, chini yake kulikuwa na nywele za kusukia. "Chagua zangu, hizo nyingine nimenunua." Nikakata. Akashika fomu ya ridhaa, akaniuliza kama nitamletea majibu. Fomu ilisema matokeo yatatolewa kwa kundi zima. "Andika hapo kwamba mimi nataka yangu." Nikaandika pembeni, akatia sahihi.

Mengine yalikwenda upesi: maabara, majedwali, semina. Tuliporudi sokoni tulikuwa na karatasi iliyosema wastani uko chini ya mikrogramu 1 kwa gramu ya nywele, kipimo ambacho watafiti wengi hukitumia kuangalia usalama wa mimba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wastani ni wa nani?"

Majina yalikuwa yametenganishwa na namba za siri, kwa sababu nzuri ya kuwalinda, na waliokuwa na orodha hawakukubali kuifungua. Niliomba, nikaomba tena kwa maandishi, nikionyesha maneno yale ya pembeni. Haikufunguliwa.

Siku hizi kila dodoso ninaloandika linamwuliza mtu kama anataka majibu yake mwenyewe, na angependa ayasikie kwa nani. Kuna wenzangu wanaosema namba isiyo na tiba humtia mtu hofu bure, akaacha samaki, na samaki ana protini na mafuta yanayomjenga mtoto tumboni. Hoja hiyo ni nzito na sijapata jibu lake kamili. Lakini mama yule alikuwa na binti mjamzito, nywele zilikuwa zake, na alikuwa ameuliza mapema, kabla sijaifunga bahasha.