Siku Moja Maishani Mwangu: Tundu la Bega Linapovunjika

Saa moja asubuhi, kikao cha zamu huanza kwa kupitia picha za wagonjwa walioletwa usiku. Wodi yetu ya mifupa haikosi mwendesha bodaboda, na leo yupo kijana aliyegongwa na gari kwenye Barabara ya Outering, akaangukia bega la kulia. Maelezo yanasema bega liliteguka na likarudishwa, lakini mimi naona, kwenye ukingo wa mbele wa tundu la bega, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa, kipande cha mfupa ambacho hakikutajwa popote.

Mivunjiko ya mfupa bapa wa bega, wenye tundu hilo, haifiki hata asilimia 1 ya mivunjiko yote, na inayofika kwenye tundu lenyewe ni michache zaidi. Kwa hiyo ni rahisi jicho kuipita. Tundu hilo halina kina, ni kama kisahani, na kipande kikikatika ukingoni, kichwa cha mfupa wa mkono hukosa kizuizi na kuteleza tena na tena.

Saa mbili namfikia kitandani, na bega silitangulizi. Nguvu inayovunja mfupa uliofunikwa na misuli minene kiasi hicho haikomi hapo, kwa hiyo nasikiliza kifua, nabonyeza mbavu na mtulinga, napima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, kisha nagusa ngozi ya upande wa nje wa bega ili kujua kama neva inayopita hapo ingali hai. Mama yake ananiuliza, “Daktari, likiteleza tena si tulivute tu lirudi? Jirani yetu hunyoosha mifupa.” Namjibu, “Mama, asiguswe na mtu yeyote.” Nalisema hili kwa uzito wote: bega lisivutwe mtaani, kwa sababu mvuto huo unaweza kusukuma kipande mbali zaidi au kuumiza neva.

Saa tatu anapigwa eksirei upya, mwili ukiwa umegeuzwa kidogo ili miale ipite sawasawa katikati ya kiungo, na nyingine kutokea kwapani, kwa kuwa picha ya mbele ya kawaida huonyesha mifupa ikiwa imepandana. Baada ya hapo anaingia kwenye mashine ya CT, inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, na kompyuta inaondoa kichwa cha mfupa wa mkono kwenye picha ili tundu lionekane peke yake. Kipande kinakaribia robo ya uso wa tundu. Katika mpangilio wa daktari Ideberg wa kuainisha mivunjiko ya tundu la bega, uliopanuliwa na mwenzake Goss mwaka 1992, huu ni mvunjiko wa aina ya kwanza, wa ukingo wa mbele; kwa ukubwa huo, nampangia upasuaji wiki hii.

Saa tano, kliniki. Mzee aliyeanguka kwenye ngazi ana ufa uliosogea chini ya milimita 4, na kiungo chake kimekaa katikati, kwa hiyo kisu hakihitajiki. Atavaa kitambaa cha kuning'iniza mkono kwa majuma mawili, kisha ataanza kuinama na kuubembeza mkono taratibu, nasi tutarudia picha kila juma mwanzoni tukihakikisha hakuna kilichosogea.

Saa saba naingia chumba cha upasuaji kwa fundi wa ujenzi aliyeanguka kutoka jukwaani. Tundu lake limepasuka kupita katikati, na pande mbili zimepishana zaidi ya milimita 5. Zikiachwa hivyo, gegedu inayofunika uso wa kiungo italika na kiungo kitachakaa mapema. Tunaingia kwa nyuma, tukipita kati ya misuli miwili inayouzungusha mkono kwenda nje badala ya kuikata, huku tukichunga neva inayokaribia shingo ya mfupa wa bega. Sehemu hii hainiruhusu haraka hata kidogo. Uso unaporudi kuwa laini, tunaushikilia kwa bamba na skrubu, na kabla ya kufunga tunahakikisha kwa eksirei kwamba hakuna skrubu iliyochomoza ndani ya kiungo.

Saa kumi na mbili jioni, dawa ya ganzi inapoisha, namwomba fundi akunje na kukunjua vidole, naye anaweza. Mtaalamu wa tiba ya viungo atamwanzisha kesho kwa kumwinulia mkono, bila fundi kuuinua mwenyewe. Fundi hataruhusiwa kubeba mzigo wowote hadi mfupa uunge, na suala la kurejea kwenye kazi nzito tutalizungumzia baada ya miezi mitatu.