Bilioni 17 zilizozaa 7

Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF) ulipotoa ripoti yake juu ya mkataba wa Sicomines, ubia wa Kongo na kampuni za Kichina unaobadilisha madini kwa miundombinu, watu wanaosoma magazeti wamesimama karibu na Posta, hapa Lubumbashi, hawakuwa na neno jingine mdomoni isipokuwa dola bilioni 17. Ndizo IGF ilizotaka Wachina waongeze, pamoja na hisa za Gécamines, kampuni yetu ya madini ya serikali, kupanda kutoka asilimia 32 hadi 70. Wachina waliikataa ripoti hiyo. Machi 2024 pande zote mbili zilitia sahihi: miundombinu ya hadi dola bilioni 7, na hisa zikabaki palepale.

Wengi walisema tumeshindwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu sidhani kama kuna aliyeketi mezani akiamini kwamba bilioni 17 zingetoka. Zilitajwa kwa sauti kubwa ili zisikike Kinshasa, Kolwezi kwenye migodi na hapa kwetu, tena katika mwaka wa uchaguzi. Na serikali iliyojifunga hivyo mbele ya wananchi haiwezi kurudi nyumbani na zile bilioni 3 za miundombinu zilizoahidiwa awali, jambo ambalo Wachina, wanaotukopesha, nao wanalifahamu.

Hata hivyo, kutunisha misuli kunamfaa mwenye kitu mkononi. Julai 2015 zaidi ya asilimia 61 ya wapiga kura wa Ugiriki waliyakataa masharti ya wakopeshaji, lakini wiki moja baadaye serikali ya Alexis Tsipras iliyakubali mengine makali, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa na fedha za kuzifungua zilitegemewa kwa walewale waliotishwa. Sisi angalau tulikuwa na shaba na kobalti.

Wakopeshaji nao hutunisha yao. Mwaka 2009, FMI, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, haikutaka kusogeza msamaha wa madeni yetu hadi jumla ya mkataba huohuo wa Wachina ipunguzwe kutoka bilioni 9 hadi 6. Kinshasa ilinung'unika, kisha ikapunguza, na Julai 2010 tukapata msamaha wa zaidi ya bilioni 12.

Kinachonikera katika mkataba wa 2024 ni kifungu ambacho hakikupigiwa kelele na upande wowote: dola milioni 324 za miundombinu za kila mwaka zitatolewa ikiwa tu tani ya shaba inauzwa zaidi ya dola 8,000, na bei hiyo haipangwi Kolwezi.